Biomekanika na ujasiriamali kwa wanafunzi wa Bukavu: ujuzi tuugawane vipi ili uzae kazi?

Msaidizi_Ibanda

Ndugu walimu, mafundi na wanafunzi, nawasalimu nyote.

Mimi ni mwalimu msaidizi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), na nina vipindi katika idara mbili ambazo hazina mazoea ya kutembeleana. Upande mmoja wapo wanafunzi wa kinezitherapi, wanaojifunza jinsi mwili unavyosimama, unavyotembea na unavyoumia. Upande wa pili wapo wa elektromekanika, wanaoweza kukokotoa nguvu itakayopinda nondo, lakini ambao hawajapata kuambiwa kwamba nyonga ya binadamu nayo ni wenzo wenye egemeo, jitihada na mzigo. Biomekanika, yaani elimu ya nguvu na mwendo wa mwili, ndiyo inayowakutanisha, na kwa sababu hiyo tulianzisha mduara wa majadiliano wa Jumamosi asubuhi, ambamo mwanafunzi mmoja huwaeleza wenzake jambo alilolisoma, kisha maswali yakafuata.

Nia haikuwa kuongeza somo jingine. Tulitaka wanafunzi wafundishane, na kutokana na ujuzi huo wajenge uwezo wa kuanzisha kazi zao wenyewe, maana sote tunawajua vijana wanaomaliza masomo, wakaihifadhi diploma ndani ya bahasha ya plastiki na kuishia kuuza vocha za simu. Mahitaji yapo. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha usaidizi, iwe miwani, fimbo, kiti cha magurudumu au kiungo bandia, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Katika mji wa vilima kama huu wetu, mtu mwenye goti bovu huhesabu safari zake kabla ya kutoka nyumbani.

Hata hivyo mduara umegeuka kuwa mahali pa kusomeana kurasa. Mtu anasimama, anaonyesha michoro ya mwendo iliyochukuliwa kwenye intaneti, anapigiwa makofi, anaketi. Linalonisumbua zaidi ni kwamba wale wenye mawazo yanayokaribia kuwa bidhaa ndio wanaonyamaza. Mmoja wao ana mchoro mzuri wa kiatu cha kumsaidia mtu aliyepooza upande mmoja, lakini ameniambia bila kuficha kwamba hatausema mbele ya wenzake kwa kuwa watamwibia.

Ninauliza basi: ni ujuzi gani hasa ugawanywe, ugawanywe na nani, na kwa utaratibu upi, ili mwanafunzi atoke akiwa na uwezo wa kutengeneza kitu, kukipangia bei na kukihudumia? Ningependa kuwasikia waliokwisha kujaribu, na pia wale wanaoona kwamba wazo lenyewe lina kasoro.

Fundi_wa_Viungo

Mwalimu, kazi yangu ni vifaa vya mifupa, na nimewapokea wanafunzi wa mafunzo ya vitendo kutoka idara zote mbili unazozitaja. Kwa maoni yangu kasoro iko katika orodha ya waalikwa wenu. Wanaogawana ujuzi hapo ni watu waliosoma vitabu vilevile. Anayetengeneza hayupo, na anayetumia hayupo.

Chukueni fimbo ya kutembelea, ambayo wengi hawaihesabu kuwa kifaa cha kisayansi. Mwanafunzi wa kinezitherapi anajua kwamba mtu anaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo inayozuia fupanyonga lisiangukie upande wa pili, na kwa kuwa misuli hiyo ina mkono mfupi wa wenzo kuliko ule wa uzito wa mwili, kiungo cha nyonga hubeba nguvu inayofikia mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mtu mwenyewe. Ndiyo sababu mwenye nyonga mbovu ya kulia huambiwa ashike fimbo kwa mkono wa kushoto: ikiwa mbali na kiungo, hata msukumo mdogo wa mkono huipunguzia misuli sehemu kubwa ya kazi. Mwanafunzi wa elektromekanika akiyasikia hayo anaelewa papo hapo, kwa sababu ni hesabu ya momenti aliyoifanya darasani. Hapo wamegawana ujuzi, na hapo ndipo mduara wenu unapokomea.

Sasa mwiteni seremala, na mwiteni mzee mmoja anayepanda vichochoro vya mtaa wetu wa Kadutu kila siku na fimbo yake. Seremala atawaambia ni mti gani unaonyooka na upi unaopinda baada ya msimu mmoja wa mvua. Fimbo ya mzee mtaikagua wenyewe, na mara nyingi mtakuta mambo mawili: kifuniko cha mpira cha chini kimelika upande mmoja, na urefu umepunguzwa kwa msumeno nyumbani, kwa sababu fimbo ilimpandisha bega. Darasani tunafundisha kwamba kishikio kifike usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimepinda digrii 20 hadi 30, mtu akiwa amesimama na viatu anavyovivaa. Lakini nani alimpima mzee huyo akiwa na viatu vyake? Alipimwa na sandali za hospitali, au hakupimwa kabisa.

Kutoka hapo zoezi linajitokeza lenyewe. Kateni vipande vya mpira kutoka tairi kuukuu la gari, la pikipiki na la baiskeli. Viwekeni kimoja kimoja, chini ya uzito uleule, juu ya ubao uliopakwa tope la udongo wetu mwekundu. Inueni ubao taratibu hadi kipande kianze kuteleza, kisha msome pembe. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo kizigeu cha msuguano, yaani kipimo cha jinsi mpira unavyoshika ardhi: kikiteleza kwenye digrii 30 mna karibu 0.58, kwenye digrii 20 mna karibu 0.36, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atafika nyumbani bila kuanguka. Hakuna maabara inayohitajika, na jibu mnalolipata ni bidhaa, yaani kifuniko kinachochakaa na ambacho lazima kibadilishwe. Anayeuza fimbo peke yake humwona mteja mara moja; mwenye vifuniko vya akiba, anayejua wateja wake wanaishi wapi, humwona tena kila baada ya miezi michache.

Kuhusu hofu ya kuibiwa, tazameni kilichofanyika kwa jirani zetu wa Uganda. Watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani hutibiwa kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani: mguu hunyooshwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, halafu mtoto huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau, saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, na baadaye usiku tu kwa miaka kadhaa. Fundi wa Kiholanzi Michiel Steenbeek alibuni nchini Uganda aina ya kifaa hicho inayotengenezwa kwa ngozi, mbao na chuma vya karakana ya kawaida, na mwongozo wake ulitolewa ili yeyote autumie. Mchoro haukufichwa, na bado mafundi wanapata kazi kwao. Mguu wa mtoto hukua, kwa hiyo kiatu lazima kibadilishwe. Pembe ya kiatu, ambayo upande ulioathirika hupangwa kati ya digrii 60 na 70, lazima ikaguliwe na mtu anayejua. Na mama lazima aelezwe, tena na tena, kwamba mtoto akiachishwa kuvaa, mguu unarudi ulikotoka. Anayenakili mchoro hajanakili huduma hiyo.

Naongeza neno moja la tahadhari. Kifaa kinachovaliwa na mgonjwa kisitoke mikononi mwa mwanafunzi bila mtaalamu kukikagua. Kifaa cha kunyoosha kinachobana mahali pasipostahili hutoboa ngozi, na mwenye ganzi mguuni hatasikia mpaka kidonda kiwe kimeshafunguka.

Mwanafunzi_EM

Heshima kwenu wakubwa. Nasoma elektromekanika na mimi ni mmoja wa hao wanaonyamaza, ingawa si yule wa kiatu.

Naomba mtuelewe. Katika promosheni yetu wapo wenye wazazi wanaoweza kuwanunulia mashine kesho asubuhi, na wapo tunaoazimana kikokotoo. Nikieleza wazo langu mbele ya wote, mwenye mtaji ndiye atakayelifikisha sokoni, nami nitabaki nikisema kwamba lilikuwa langu. Rafiki yangu alikuta mchoro wake ndani ya TFC (kazi ya kumalizia masomo) ya mtu mwingine, na hakuna aliyemsikiliza alipolalamika. Nampa haki fundi anaposema kwamba huduma hainakiliwi, lakini kwa anayeanza bila chochote, wazo ndilo mtaji pekee alionao. Je, sheria inatulinda kwa namna yoyote, au tunyamaze tu?

Kuhusu vifaa vya kujifunzia, sisi tunatumia programu ya Kinovea, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. Unamrekodi mtu kwa simu akitembea, unapima pembe ya goti lake picha kwa picha. Sharti simu iwe imara juu ya kitu, iwe ubavuni mwa anayetembea na isifuatishwe kwa mkono, la sivyo vipimo vyote ni vya uongo.

Mwanasheria_Nyawera

Mdogo wangu, nakujibu kwa kifupi, kisha uende kumwona mtu ana kwa ana.

Wazo tupu halilindwi na sheria yoyote ninayoifahamu. Mchoro ulioutia kwenye karatasi na maandishi yako hulindwa tangu unapoyatunga, kwa mujibu wa sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986. Kwa hiyo rafiki yako alikuwa na hoja, na kilichomkosesha nguvu huenda ni ushahidi wa tarehe. Uvumbuzi wa kiufundi, kwa upande wake, unaangukia sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982, nao lazima uwe mpya: ukishautangaza hadharani kabla ya kuwasilisha ombi la hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, umeuharibu upya wake wewe mwenyewe. Hapo mwalimu ana la kupanga. Mduara uwe na daftari moja lenye kurasa zilizopewa namba, ambamo kila mchango unaandikwa, unatiwa tarehe na kusainiwa na mchangiaji pamoja na mashahidi wawili. Yale ya jumla, kama vipimo, makosa, bei za vifaa na mahali pa kuvipata, yagawanywe bila woga. Kile kipengele kimoja chembamba ambacho kweli ni kipya kihifadhiwe hadi mwenye nacho aamue.

Kuhusu kuanza kazi yenyewe, vijana wengi wanadhani lazima wafungue kampuni. Sivyo. Nchi yetu imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu mwaka 2012, na sheria ya biashara ya OHADA iliyorekebishwa mwaka 2010 inamtambua mjasiriamali mdogo wa mtu mmoja, ambaye anatoa tamko tu na hatozwi gharama za kuandikishwa katika rejista ya biashara, mradi mapato yake hayavuki kiwango kilichowekwa. Wakitaka kuwa pamoja, sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika inaruhusu ushirika sahili wa watu watano. Kwa wanafunzi wawili wa kinezitherapi, wawili wa mekanika na seremala mmoja, mimi ningechagua huo. Ipo pia sheria ya Septemba 2022 kuhusu kuhimiza ujasiriamali na kampuni changa, lakini msijenge mipango yenu juu ya misaada inayotajwa humo kabla hamjaiona mkononi.

Mwana_Goma

Nawasoma kutoka Goma na ninataka kupunguza kidogo shauku ya hapa.

Huku kwetu kila kundi la wanafunzi lina siku yake ya kutaka kuboresha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Wanakuja na kompyuta, wanachora fremu ya chuma yenye beringi za kisasa kwenye magurudumu, wanathibitisha kwa hesabu kwamba itakuwa nyepesi zaidi, na wenye chukudu wanawasikiliza kwa adabu kisha wanaendelea na safari. Mti ukivunjika barabarani, mwenyewe anautengeneza palepale kwa panga na misumari. Chuma kikivunjika, anasubiri mchomeleaji na umeme. Isitoshe, fundi wa chukudu anajua bila kalamu mahali pa kuweka mzigo. Ukiwa mbele mno, usukani unakuwa mzito na gurudumu la mbele linazama kwenye majiwe ya volkano. Ukiwa nyuma mno, mbele kunapepea na kwenye mteremko hushiki njia. Huo ni ujuzi wa kitovu cha uzito uliokamilika, na aliyenao hajaalikwa kwenye mduara wowote. Mjini tumemsimamishia chukudu sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, lakini ukumbini hatumpi kiti.

Kwa hiyo namuunga mkono fundi, ila naenda mbele yake. Mgeni asiitwe ili kuja kujibu maswali ya wanafunzi. Yeye ndiye afundishe, alipwe kwa muda wake kama anavyolipwa mwalimu, na wanafunzi waandike. Kulipa kwenyewe ni somo la ujasiriamali: mwanafunzi anayezoea kuchukua maarifa ya fundi bila malipo ataanzisha kazi yake kwa mazoea hayohayo.

Na tusiseme kila mwanafunzi lazima awe na biashara. Wengine watakuwa waajiriwa wazuri wa vituo vya watu wenye ulemavu vilivyopo, kama Shirika la Umoja huku kwetu au Heri Kwetu huko Bukavu, na hiyo si aibu.

Msaidizi_Ibanda

Nawashukuru. Suala la malipo ya mgeni sikuwa nimelifikiria, na nadhani bajeti ndogo ya mduara, ambayo hadi sasa inaishia kwenye soda, inaweza kuelekezwa huko.

Naomba niwaulize jambo moja zaidi. Wanafunzi wengi wanataka kuanza na akina mama wabebaji mizigo, wale wanaopanda na magunia ya makaa au ya muhogo mgongoni, mkanda ukiwa umepita kwenye paji la uso. Wazo lao ni kutengeneza mkanda bora. Je, ni mahali pazuri pa kuanzia?

Kinezi_Kadutu

Mwalimu, wagonjwa wangu wengi ni akina mama hao, kwa hiyo nitalijibu hili kwa urefu kidogo.

Kwanza wanafunzi wasome kilichokwisha kupimwa. Mwaka 1986 watafiti waliochunguza wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya, hawa wa pili wakibeba kwa mkanda wa kichwani kama wa kwetu, walichapisha katika jarida la Nature kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu wakati wa kutembea. Mwaka 2005 utafiti mwingine ulipima wabebaji wa Nepal, nao hutumia mkanda wa kichwani: wanaume walibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao, wanawake asilimia 66, tena kwa gharama ndogo ya nguvu kuliko Wazungu waliobeba mikoba ya mgongoni. Kwa hiyo mwanafunzi asije akamwambia mama wa Kadutu kwamba anabeba vibaya. Mwili wake umeshaipata njia ya kubana matumizi.

Lakini matumizi ya nguvu ni jambo moja, na maumivu ya shingo ni jingine. Mkanda ukipanuliwa mara mbili, shinikizo kwenye ngozi ya paji linapungua nusu, kwa sababu nguvu ileile inagawanywa juu ya eneo kubwa zaidi. Shingo haipati nafuu yoyote: mvuto ni uleule, na misuli ya shingo inaukabili uleule. Ili shingo ipone, sehemu ya mzigo lazima ihamie mabegani au kiunoni. Mwanafunzi wa mekanika atasema basi tumpe mkoba wenye mshipi wa kiunoni. Mwambieni aende kumuuliza mama akipumzika sokoni, naye atapewa sababu ambazo hazimo kwenye hesabu. Akiteleza kwenye tope, anarudisha kichwa nyuma na gunia linaanguka peke yake. Aliyefungwa kiunoni anaanguka nalo. Magunia hayana ukubwa mmoja. Na juu ya yote, analipwa kwa gunia: ukimpa kifaa kinachomfanya abebe kidogo zaidi kila safari, umempunguzia chakula cha watoto, hata kama umempunguzia maumivu.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kuanza na akina mama hawa, hata kama mkanda hautauzwa kamwe. Mwanafunzi atalazimika kuandika kwenye ukurasa mmoja kipimo cha mwili na kipimo cha kipato, na kuona kwamba havielekei upande mmoja. Ningewaomba waanzie na wabebaji watatu au wanne waliokubali wenyewe, wawarekodi kwa ruhusa yao na bila kuonyesha sura, wapime mzigo kwa mizani ya sokoni, waandike malipo ya kila safari na mahali panapouma jioni. Wasipuuze kuteremka: watu wanatazama kupanda, ilhali anaposhuka na mzigo misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki kila hatua, na magoti ndiyo ninayoyapokea kliniki kuliko shingo.

Kama baada ya hapo bado wanataka kutengeneza kitu, nadhani watakuta kinachoulizwa zaidi ni mahali pa kutua mzigo, yaani ubao au ukuta wa usawa wa kiuno njiani, ili mama apumzike bila kuinama hadi chini na kuinuka tena na gunia zima, kwa kuwa kuinuka huko ndiko kunakoumiza mgongo. Ni kazi ya seremala au ya mwashi, bei yake inajulikana, na anayeweza kuilipa ni chama cha wachuuzi wa soko, si mbebaji. Nendeni mkaongee na chama hicho kabla ya kuchora chochote. Mimi Jumamosi huwa nina nafasi baada ya saa nne, mkinihitaji kwenye mduara.